Si Mbaya, Alisema Bi Cutbush

Nimetengeneza viatu katika uchochoro wa Tallow, katikati ya London, kwa miaka thelathini na mitatu, na karibu muda wote huo juu ya kichwa changu alikaa Bi Avis Cutbush. Mimi chini na soli, gundi na redio. Yeye ghorofa ya tatu na sindano yake na dirisha lake. Kila siku saa nne asubuhi alishuka tukanywa chai, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniita ila Bwana Garrod, nami sikuwahi kumwita ila Bi Cutbush. Jina langu ni Leonard. Alilijua, maana ndiye aliyenipokelea barua nikienda likizo. Lakini kuniita hivyo kungekuwa sawa na kuingia chumbani kwa mtu bila kubisha hodi, na Bi Cutbush alibisha hodi hata penye mlango ulio wazi.

Kazi yake ilikuwa kutililia nguo. Mtu kachoma koti kwa sigara, au nondo wamemtobolea suruali ya harusi, anampelekea Bi Cutbush. Yeye huchomoa nyuzi ndani ya pindo la nguo ileile, pasipoonekana, kisha huzifuma moja moja juu ya tundu, juu na chini, juu na chini, mpaka mwenye nguo mwenyewe hajui palitoboka wapi. Tundu la ukubwa wa kunde lilikula siku nzima. Alifundishwa akiwa na miaka kumi na mitano na mzee mmoja wa upande wa mashariki ya jiji, Bwana Lipman, aliyekuwa na sheria moja tu: kazi yetu ikionekana, tumeshindwa.

Sheria hiyo aliishika kazini, na ilikuwa sheria nzuri. Ubaya ni kwamba aliitoa kazini akaiingiza maishani. Mwanamke yule aliwahi kung'olewa jino zima badala ya bovu, akamwambia daktari asante, akarudi juma lililofuata kung'olewa lile bovu, na keki mkononi. Akiletewa chai ya mtu mwingine mgahawani, aliinywa. Mwaka alioteleza kwenye barafu akavunja nyonga, mimi ndiye niliyemkuta amekaa chini mlangoni kwangu, midomo imemgeuka rangi.

"Vipi, Bi Cutbush?"

"Si mbaya, Bwana Garrod. Samahani, nimekuzibia mlango."

Alipomzika dada yake, ndugu pekee aliyekuwa amebaki naye, nilimwuliza mazishi yamekwendaje. "Si mbaya," akasema. "Mvua haikunyesha." Hilo ndilo lilikuwa neno lake, na kusema kweli ni neno letu sote huku. Tunalivaa juu ya kila kitu kama koti la mvua, juu ya furaha na juu ya msiba, na asiyetujua hawezi kuona kilichoko ndani.

Dirisha lake lilitazama ua wa kanisa la Mtakatifu Werburga, lenye mnara mweusi wa mawe uliokuwepo kabla ya babu za babu zetu. Kushoto kulikuwa na mnara wa kanisa jingine, mdogo na mweupe, na kati ya minara hiyo miwili palikuwa na kipande cha mbingu. Kwa kipande hicho Bi Cutbush alikula na kuvaa. Fundi wa kutililia hafanyi kazi kwa taa. Chini ya taa, buluu iliyokolea na nyeusi ni pacha. Kwenye mwanga wa mchana ndipo zinapoachana.

Nje, chini ya dirisha, palipigiliwa kibao cha zamani kilichoandikwa NURU YA KALE. Maana yake ni kwamba mwanga umeingia hapa miaka mingi, na mtu hana ruhusa ya kuuziba kwa kupenda kwake. Kila masika Bi Cutbush alijitokeza nje nusu mwili, na nyonga yake mbovu, akakisugua kwa brashi na sabuni. Hakujua, wala mimi sikujua, kwamba mwenye nyumba alikuwa ameshaiuza haki ile kimyakimya. Tulibaki na kibao tu, na kiling'aa kweli.

Kwamba kuna jengo litasimama nyuma ya kanisa, hiyo ilikuwa habari ya miaka. Ramani ya kwanza ilikuwa ya ghorofa ndefu nyembamba iliyosimama mbali na ua, na watu wakaiita Sindano. Ilipingwa, ikatukanwa, ikazoeleka, ikapitishwa, na haikujengwa. Kisha wenye mali wakaona Sindano haina nafasi ya kutosha, wakachora upya. Ramani mpya ilikuwa nene. Ilianza na kiuno chembamba pale chini, na kutoka ghorofa ya tano ikavimba ikaja kuning'inia juu ya makaburi, ghorofa sabini na mbili, na huko juu bustani ambayo umma ungeruhusiwa kuingia ukijiandikisha kabla. Siku mbili hazikupita, jiji likaipa jina. Kabati.

Mwezi ule nilisikia maoni mengi kuliko niliyosikia miaka kumi. Mtu akivuliwa kiatu hana pa kwenda, basi anasema. Chama cha majengo ya kale kiliandika gazetini kwamba minara ya makanisa itabaki kama kichupa cha chumvi na cha pilipili mezani. Jamaa wa duka la mikate hapa pembeni alilitaka Kabati kwa moyo wote, maana watu elfu nane watahitaji kula mchana. Vijana wa benki waliuliza habari za lifti. Na wale wanawake wawili wa ofisi ya bima, wanaokuja kila mwezi na visigino vilivyolika, waligombana mbele yangu.

"Umeliona hilo Kabati?"

"Nimeliona. Afadhali Sindano mara mia."

"We si ndiye uliyeandika barua kuipinga Sindano?"

"Niliandika. Ningejua wanatuletea hili, ningeiandikia Sindano barua ya mapenzi."

"Mimi nalipenda."

"Unapenda nini pale?"

"Kubwa. Tumechoka na vitu vya kale, kila ukigeuka kaburi."

"Haya, kabati lako hilo. Watakupa hata hanga moja ya koti?"

Bi Cutbush alikuwepo, amesimama na kikombe chake. Alicheka kidogo. Walipoondoka akaniuliza, "Hivi, Bwana Garrod, litakuwa upande gani hasa?" Nikamwonyesha kwa nyundo. Alitazama ile nyundo ilikoelekea, kisha akamaliza chai yake.

Novemba wakaweka maonyesho katika ukumbi wa kanisa, ili wananchi watoe maoni. Nilifunga duka tukaenda wote wawili. Palikuwa na picha kubwa za watu wenye furaha wakitembea kwenye jua ambalo sijaliona Novemba tangu nizaliwe, na katikati, mezani, mfano wa mtaa wetu wote umechongwa mweupe. Kabati lilikuwa la kioo, lina taa ndani. Vingine vyote vilikuwa vipande vya mbao.

Kando ya meza alisimama binti mmoja, Tamsin jina lake, lilikuwa limebandikwa kifuani, ana kishikwambi mkononi. Viatu vyake vilikuwa vya kitambaa na vimelowa. Kazi ya binti huyo ilikuwa kuuliza kila mtu, "Umeionaje?", na kuandika anachojibiwa. Aliniuliza, nikamjibu. Nilichosema hakifai kuandikwa, na kweli hakikuandikwa.

Bi Cutbush aliinama juu ya mfano ule kwa muda mrefu, miwani imeshuka puani. Aliipata nyumba yetu, kibonge kidogo kama sukari ya mchemraba.

"Samahani, mwanangu," akasema. "Dirisha langu liko wapi?"

"Nyumba hizi hatukuziwekea madirisha, mama. Ni za kuonyesha ukubwa tu."

"Ala. Basi sawa."

"Kwa hiyo umeionaje ramani mpya?" Sauti ya binti ilikuwa imekauka. "Samahani kama nakusumbua. Nimesimama hapa tangu asubuhi, na watu wengi wananitukana." Akanitazama mimi.

Nilimwona Bi Cutbush anavitazama vile viatu vilivyolowa. Alifungua mkoba, akatoa pipi ya mnanaa, akamtia binti mkononi, akaufumba ule mkono kwa mikono yake miwili.

"Si mbaya, mwanangu," akamwambia. "Si mbaya."

Binti akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akaandika.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na siku ile nilidhani aliyejikwaa ulimi ni mimi niliyetukana. Januari kikaja kipeperushi, karatasi nzuri nzito, kimesukumwa chini ya kila mlango. Sita kati ya kila kumi waliohudhuria, kilisema, waliipokea vizuri ramani mpya au hawakuwa na pingamizi. Ukurasa wa nne, kwa herufi kubwa kuliko za kibao cha duka langu, palikuwa na maneno mawili: "Si mbaya." Na chini yake: Bi A. Cutbush, fundi nguo, uchochoro wa Tallow kwa miaka arobaini na mmoja.

Alikisomea dukani kwangu, amesimama. Wekundu ulimpanda shingoni polepole kutoka kwenye kola.

"Sikusema kwa maana hiyo," akasema.

"Najua hukusema kwa maana hiyo."

"Nilikuwa nambembeleza yule binti."

"Najua. Sasa waandikie. Waambie unapinga."

Akaandika. Alichukua siku tatu, na aliponiletea niisome nilitamani kuila. Ilianza kwa kuomba radhi kwa usumbufu. Ikafuata aya nzima ya kusifu kioo cha Kabati. Kisha, karibu na mwisho, akasema kwamba kazi yake kwa bahati mbaya hutegemea mwanga wa dirishani, na angeshukuru sana kama wahusika wangeweza, pale itakapowezekana, kulikumbuka jambo hilo. Neno kupinga halikuwemo.

"Bi Cutbush, hii ni barua ya shukrani."

"Wataelewa, Bwana Garrod. Watu wenye akili wataelewa."

Ofisi ya jiji hupanga barua mafungu matatu: wanaounga mkono, wanaopinga, na wengineo. Ya Bi Cutbush ilipangwa kwa wengineo, katikati ya mtu aliyeuliza habari za maegesho ya baiskeli na mwingine aliyelalamikia njiwa.

Nikaona nishike jambo hili mwenyewe. Machi kamati ya madiwani ilikaa kuamua, na wapinzani tulipewa dakika kumi kwa jumla. Msomi wa majengo ya kale alichukua tano, mwanamke anayetembeza watalii akachukua tatu. Mbili zilikuwa zangu, nikampa Bi Cutbush. Nilimwandikia karatasi kwa mkono wangu. Mstari wa kwanza ulisema: Naitwa Avis Cutbush na napinga. Wa pili ulisema kwa nini. Nilimkaririsha nikimtengenezea kisigino. Sebuleni kwa nyanya yangu paliwahi kuwa na kasuku, na hata yule alijifunza kutukana kwa siku nne. Bi Cutbush hakuweza kulitamka lile neno bila kushusha sauti.

Ukumbi ulikuwa mkubwa, wa mbao nyeusi, madiwani ishirini na wawili wamejipanga. Alivaa koti lake la kijivu ambalo najua lina matundu tisa yaliyotililiwa, na sikuona hata moja. Alisimama kwenye kipaza sauti, akaifungua karatasi yangu, akaitazama, akaikunja.

"Habari za asubuhi," akasema. "Sitawachelewesha. Mimi natililia nguo. Naifanya kazi hii dirishani, kwa sababu rangi hazionekani vizuri kwenye taa. Jengo likija pale lilipochorwa, sidhani kama nitaona. Ni hayo tu. Asanteni kwa kunisikiliza."

Hayakuwa mabaya maneno yale. Yalikuwa ya kweli, na pale ukumbini palitulia kidogo, hata nikaanza kutumaini. Kisha diwani mmoja, mzee mpole mwenye tai ya manjano, akafunua kipeperushi.

"Bi Cutbush, tunakushukuru. Nisaidie tu jambo moja. Hapa ukurasa wa nne umenukuliwa ukisema ramani hii si mbaya. Maneno haya ni yako?"

"Ndiyo. Ni yangu."

"Hukusingiziwa?"

Nyuma ya mawakili wa wenye jengo alikaa Tamsin, kishikwambi mapajani, kichwa chini. Nilimwona Bi Cutbush akimwona. Ilimtosha aseme: yule binti alinielewa vibaya. Maneno manne. Nilikuwa safu ya pili, kofia magotini, nikayasema kimoyomoyo kana kwamba yataruka yamfikie.

"Hapana," akasema. "Nilisema mwenyewe. Nisingependa mtu apate matatizo kwa ajili yangu."

Watu wakacheka, kicheko cha upole, cha kumpenda. Hicho ndicho kilichoniuma. Yule diwani ni Mwingereza kama mimi. Alijua barabara "si mbaya" ni nini. Alishalisema mwenyewe juu ya supu ya mama mkwe wake na juu ya uvimbe wake alioambiwa na daktari. Ishirini na wawili wote walijua. Lakini neno likishachapishwa kwenye karatasi nzito si letu tena, ni la mwenye karatasi.

Na mimi je? Mimi mwenye mdomo, ninayetukana njiwa, ninayemtukana waziri mkuu kila asubuhi kwenye redio? Kanuni ya pale ni kwamba mtu hasemi kutoka kwenye viti. Nilikaa nikaifuata. Kumi na saba wakaunga mkono, watano wakapinga, wakahamia kwenye jambo la mitaro.

Nje, kwenye ngazi, akaniambia, "Samahani, Bwana Garrod. Nimekupotezea asubuhi."

"Neno moja, Bi Cutbush. Napinga. Hata mtoto wa chekechea analijua."

"Wangemfukuza kazi yule binti."

"Angepata nyingine. Wewe utapata wapi dirisha jingine?"

Alikuwa anafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. "Tuwahi basi," akasema.

Nilimkasirikia. Niliyemkasirikia hasa nilikuwa mimi, lakini hasira haiangalii anwani. Wiki mbili alishuka saa nne na kikombe chake akanikuta nimeuelekeza mgongo mlangoni, napiga misumari. Alisimama kidogo, akapanda. Siku ya kumi na tano niligeuka nikamwekea maji. Lile jambo hatukulizungumza tena.

Wakaanza kujenga. Wahenga hao hao walisema aliye juu mngoje chini. Nimekaa chini miaka thelathini na mitatu na sijaona ghorofa likishuka. Kreni zilikuja mbili, kisha nne, na kila juma lilipandisha sakafu moja. Nilipompelekea barua juu, niliona kiti chake kinahama. Zamani kilikuwa mezani, katikati ya chumba. Kufikia ghorofa ya ishirini kilikuwa hatua moja kutoka dirishani. Ghorofa ya hamsini, magoti yake yaligusa ukuta, amepakata koti la mtu kwenye kizingiti cha dirisha, shingo imejipinda kama ya mtu anayechungulia kisima. Minara miwili ya kanisa ilikuwa bado ipo. Kile kipande cha mbingu katikati yake ndicho kilichokuwa kimeondoka.

Nilimnunulia taa, ile wanayodai inatoa mwanga wa mchana. Aliishukuru sana. Kila uzi ukawa na kivuli chake, na yeye akawa anahesabu nyuzi mara mbili. Jua lenyewe lilimfikia kwa njia moja tu: alasiri, kioo cha Kabati kilililenga chumbani mwake kwa dakika kumi na moja, kali kiasi kwamba hakuna jicho lingeweza kuitazama sindano. Alishusha pazia, akangoja liondoke, akapandisha tena.

"Chumba kikoje siku hizi?" nilimwuliza siku moja, mjinga mimi.

"Si mbaya," akasema.

Watu wa bustani ya juu walikuja kwa wingi. Wale wanawake wa bima walipanda, wakaniambia mandhari ni ya ajabu, na jambo zuri kuliko yote ni kwamba ukiwa kule juu ndipo mahali pekee mjini ambapo hulioni Kabati. Nilicheka. Nilichukia kwamba nimecheka.

Basi Novemba iliyopita akaja Bwana Heneage. Huyu ni wakili mstaafu, mrefu, wa adabu za zamani, na kwa miaka ishirini na minane hakuwahi kumpelekea mtu mwingine nguo yake. Alileta koti zito la buluu iliyokolea sana. Mkewe ndiye aliyemnunulia. Cheche ya mekoni ilikuwa imelichoma kifuani, upande wa kushoto, tundu dogo kama kucha ya kidole cha mwisho. Mkewe alikuwa amefariki masika, na Jumamosi ile walikuwa wanasimamisha jiwe la kaburi, naye alitaka awe amevaa koti lile.

Koti hilo Bi Cutbush alishalitililia mara mbili huko nyuma, na pindo halikuwa na uzi wa kutoa tena. Ikabidi afungue droo zake, zenye nyuzi za miaka arobaini zilizoviringishwa kwenye vipande vya kadi, achague inayofanana. Alifanya siku tatu. Saa nne hakushuka kunywa chai, nikampelekea, nikamkuta kizingitini, uso karibu umegusa kitambaa. Kazi ya mkono ilikuwa ile ile ya siku zote. Vidole vyake havikuwa vimesahau kitu.

Ijumaa Bwana Heneage alipolifuata, Bi Cutbush alishuka naye mpaka mlangoni kwangu, kama desturi yake, ili mteja alitazame koti penye mwanga. Mwanga wa uchochoroni si mwingi sasa, lakini upo kuliko wa juu. Bwana Heneage akaliinua.

Mimi nilikuwa kwenye benchi langu, hatua sita, kiatu cha mtu mapajani. Niliona kutoka pale. Kwenye kifua cha koti la buluu palikuwa na doa jeusi, limefumwa kwa ufundi ambao hakuna mtu mwingine London angeuweza, kila uzi mahali pake, na jeusi.

Bwana Heneage alilipitishia kidole gumba. Kisha akalikunja lile koti kwa uangalifu, upande wa kifua ukiwa ndani, akaliweka mkononi.

"Asante sana, Bi Cutbush," akasema. "Kama siku zote." Akavua kofia, akaivaa, akaondoka, na mpaka anakata kona hakulivaa koti, na baridi ya siku ile ilikuwa ya kupasua mawe.

Bi Cutbush alibaki mlangoni. Alikuwa ameutazama ule mkunjo. Mtu aliyekunja nguo za watu maisha yake yote anajua nguo inakunjwa hivyo kwa nini.

"Bwana Garrod," akasema bila kugeuka. "Wewe una macho. Imeonekana?"

Nilikuwa na neno. Miaka mitatu nilikuwa nimemlaumu mwanamke huyu kwa kukosa neno moja la ukweli mbele ya watu, na sasa palikuwa hapana diwani, hapana wakili, hapana kanuni ya viti. Tulikuwa wawili tu. Akageuka akanitazama. Miwani yake ilikuwa na uzi mmoja mweusi umenasa pembeni, na miguu yake imevimba ndani ya viatu nilivyomtengenezea mwenyewe.

"Si mbaya," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara mbili, kama mtu aliyepokea barua aliyokuwa akiingojea. Akaja mpaka kwenye benchi, akaweka mkono begani kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata siku moja.

"Asante, Leonard," akasema.

Kisha akapanda ngazi. Nilimsikia akifunga droo zake, moja baada ya nyingine, halafu akazima taa.